Siku moja maishani mwangu: natapisha magari-nyumba, Phoenix

Saa 11 alfajiri

Julai ya Phoenix haina huruma. Mchana joto linapita nyuzi 40 bila kujitahidi, kwa hiyo kazi yetu huanza gizagiza. Nakunywa chai nimesimama, simu nimeiweka spika. Kwa mama, Tandale, Dar es Salaam, sasa hivi ni saa 9 alasiri. Arizona hawasogezi saa kama majimbo mengi ya Marekani, basi tofauti yetu ni saa 10 mwaka mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Maji yamekatika tangu juzi."

Ndiyo habari ya kwanza siku zote, maji. Nimekulia kwenye nyumba ambayo maji ya kufulia hayamwagwi, yanawekwa kwenye ndoo pembeni ya choo. Ukimwaga kopo zima kwa haja ndogo unasikia jina lako linaitwa kutoka uani. Mama anajua nafanya kazi "kwenye magari". Sijamdanganya, sema tu sijamalizia sentensi.

Saa 12 asubuhi

Yadi yetu inakodisha magari-nyumba, yale makubwa kama basi yenye kitanda, jiko, bafu na choo. Chini ya sakafu kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, ambalo huitwa la kijivu, na la chooni, ambalo huitwa jeusi. Wateja wanarudi kutoka Grand Canyon na mapicha mazuri. Mimi wananiachia jeusi.

Kwetu kazi hii ningeiita kutapisha. Aliyekaa uswahilini anajua: masika yakichachamaa, mtu anatoboa shimo la choo usiku ili mafuriko yabebe, asubuhi kila mmoja anamtazama jirani yake. Hapa tunatapisha kihalali. Katikati ya yadi kuna tundu lenye mfuniko wa chuma, limeunganishwa na bomba la majitaka la jiji.

Leo yako matatu. Glavu ndefu, miwani, buti. Kabla ya kugusa kifuniko cha bomba naweka ndoo chini yake na kusukuma mpini wa koki kuhakikisha imefungwa. Wiki yangu ya kwanza sikufanya hivyo. Mteja alikuwa ameacha koki wazi kidogo, nikafungua kifuniko kwa bashasha ya mgeni kazini. Viatu vile sikuvifua, nilivitupa.

Halafu naunganisha mpira mnene wa inchi 3. Kati ya gari na mpira tunaweka elbo ya plastiki inayoonyesha ndani, na kama ningeambiwa nibaki na kifaa kimoja tu, ningebaki na hicho. Navuta mpini wa jeusi, wote kwa mpigo mmoja. Ukivuta nusunusu maji yanatangulia na mazito yanabaki. Lazima vitoke kwa kishindo, na mlio wake ukishauzoea unajua bila kutazama kama tangi lilikuwa na maji ya kutosha. Jeusi likiisha nafunga, nafungua la kijivu. Maji ya sabuni ya vyombo yanapita kwenye mpira uleule na kuusuuza. Mama angefurahi kuona Wamarekani wamegundua ndoo yake.

Gari la kwanza na la pili dakika 40 kila moja. Hakuna la kusimulia.

Saa 2

La tatu ndilo. Nimevuta mpini, kwenye elbo kikapita kijitiririko cha rangi ya chai, kisha kimya. Nikapanda ndani, nikakanyaga pedali ya choo na kumulika tochi. Kiko pale, kimesimama chini ya tundu, kimechongoka. Sisi tunakiita kichuguu.

Kichuguu kinajengwa hivi. Familia inaegesha wiki nzima kwenye kambi yenye bomba la majitaka, inaunganisha mpira, na baba anaona akili ni kuacha koki ya jeusi wazi ili choo kijimwage chenyewe. Maji yanakimbia mara moja. Mazito na karatasi yanabaki palepale yalipoangukia, yanakauka, siku ya pili yanapokea mengine juu yake. Kwa joto la huku, siku tano zinatosha. Koki ya jeusi inatakiwa ikae imefungwa mpaka tangi lifike angalau theluthi mbili, ndipo ifunguliwe.

Mwenzangu ni mzee wa Bukavu, Kongo, wote yadini tunamwita Papa. Naye ananiita mama, ingawa binti yake wa kwanza ananizidi umri. Akainama, akachungulia, akanyanyuka polepole.

"Mama, hii iko nguvu."

Mwezi wa kwanza nilidhani anasifia. Kwa Kiswahili cha kwao nguvu ni ugumu, kwa hiyo alikuwa anatoa pole.

Kijana wa ofisini akapita na ushauri wa mtandaoni: mimina barafu, endesha gari, vipande vitakwangua tangi. Barafu inaelea, na kichuguu kimekaa chini. Na kwa Julai hii itayeyuka kabla hatujatoka getini. Wengine wanapendekeza kuchokonoa kwa chuma. Tangi ni plastiki, ukilitoboa utalinunua. Maji yanayochemka nayo hapana, yanaharibu mipira ya koki.

Dawa ya kichuguu ni maji na subira. Tumefunga koki, tukajaza maji ya uvuguvugu mpaka karibu na juu, lita 150 hivi, na ndani nikamimina dawa ya vimeng'enya. Ile ya buluu yenye fomalini siipendi. Inaziba harufu kwa kuua bakteria, na huko mbele kwenye mashimo ya majitaka ya kambi bakteria haohao ndio wafanyakazi. Tukaliacha gari juani. Jua la Phoenix, kwa mara moja, lilikuwa upande wetu.

Saa 4

Wateja wapya, mke na mume kutoka Ujerumani, wiki tatu kuelekea Utah. Kuwafundisha choo ni juu yangu, na nimejifunza kusema bila kuona haya. Kabla ya matumizi ya kwanza, mimina ndani lita 15, sakafu ya tangi ilowe. Kila ukimaliza, kanyaga pedali na uhesabu mpaka kumi maji yakiendelea kuingia. Karatasi, chukua inayoyeyuka, ukiwa na shaka weka kipande kwenye chupa ya maji utikise, kikibaki kizima hakifai. Waipsi, zile tishu zenye unyevu, zitupwe kwenye pipa, hata kama pakiti imeandika vingine.

Mume anaandika kila kitu. Mke ananitazama kwa mashaka, kisha anauliza kama si aibu kumwaga maji hivyo jangwani.

Swali zuri, na linanikuta kila mara. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili huletwa kwa mifereji kutoka mto Colorado, na mto wenyewe umechoka. Nami nimelelewa kwa kopo. Lakini vichuguu vyote nilivyovunja vimejengwa na watu wabahili wa maji. Mtu anaokoa lita kumi kwa wiki, kisha mimi natumia mia nne kumfukua. Nikamwambia apunguze bafuni, kule haliharibiki kitu. Akacheka, akahesabu mpaka kumi kwa Kijerumani kupima mwendo. Haraka mno, nikamwambia. Hesabu kama mtu anayemsubiri mgeni ashuke ngazi.

Saa 6

Papa analizungusha gari la kichuguu barabarani, breki za ghafla kwa makusudi, maji yachape kuta. Nami nakula wali wangu kivulini. Usiniulize kama naweza kula, wanauliza wote.

Saa 7 na nusu

Tumevuta mpini. Kwanza maji meusi, kisha mshindo mmoja mzito kwenye mpira, ukaruka kama samaki, Papa akaukanyaga kwa buti. Kwenye elbo vikaanza kupita vipande, vingine vina ukubwa wa ngumi. Tukajaza tena, tukamwaga tena. Mara ya tatu nikaingiza kupitia chooni lile bomba jembamba lenye kichwa kinachozunguka, nikapiga pembe zote. Mpira wa maji wa kazi hiyo ni wa rangi ya chungwa na una ndoano yake peke yake, mbali kabisa na mweupe wa maji ya kunywa. Ukinikuta nafoka yadini, basi kuna mtu amevichanganya.

Mara ya nne, elbo ikaonyesha maji yanayopitisha mwanga. Papa akasema "sawa", akaenda kunawa mikono mara mbili.

Nimepaka mafuta kidogo kwenye mpira wa tundu la choo usikauke, nimemimina lita 15 za kuanzia, nimefunga koki na kifuniko. Kilichobaki ni kusaini fomu, na fomu inataka nisome taa za ukutani zinazoonyesha tangi limejaa kiasi gani. Vipimio vyake ni vichuma vidogo ubavuni mwa tangi, kipande cha karatasi kikiganda hapo vinadhani majitaka yamefika. Nikabonyeza kitufe.

Theluthi mbili.

Nikaandika "tupu", nikasaini.