Katriji mpya kwa Technics ya zamani: kumbukumbu ya mradi, Tabora

7 Juni: hali ya kuanzia

Mashine ni Technics SL-1200MK2, mashine ya kupiga santuri, ile isiyo na mkanda kati ya mota na sinia, iliyoingia sokoni mwaka 1979 na kuzoeleka kwenye madisko. Mota nzima, spidi zote mbili (mizunguko 33⅓ na 45 kwa dakika) zinasimama bila kuyumba, mkono unaobeba sindano haulegei. Kilichokwisha ni katriji, kile kipande kidogo cha mwisho wa mkono kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Kijiti cha sindano kimelala upande, na ncha ikitazamwa kwa hadubini ya ukuzaji wa mara 100 inaonekana imesagika bapa pande mbili. Ncha ya namna hiyo haichezi santuri, inailima.

Katriji yenyewe ni Shure, na kampuni hiyo iliacha kutengeneza katriji mwaka 2018. Sindano zinazouzwa sasa kwa ajili yake ni za kuiga. Chache nzuri, nyingi bahati nasibu. Kwa hiyo tunabadili katriji nzima.

Kabla ya kununua chochote kulikuwa na tatizo la pili: chaneli ya kulia ikipotea kila kinapoguswa kichwa, yaani kishikio ambacho katriji inafungwa. Hilo halikuwa la katriji. Pini nne ambako kichwa kinachomekwa kwenye mkono zilikuwa nyeusi tii. Kifutio cha penseli, kisha pamba yenye spiriti, sauti ikarudi. Anzeni hapo siku zote, maana katriji nyingi nzima hutupwa kwa kosa la pini chafu.

Santuri ni kama 140, karibu zote za inchi 7 na spidi ya 45: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids na wenzao wa miaka ya 1960 na 1970, nyingi zilizochapwa Nairobi. Ni za mono, na zimepigwa sana kwenye gramafoni za sanduku zenye katriji za kauri na sindano nzito. Hali hii ya santuri ndiyo inayochagua katriji. Bei ni jambo la pili.

14 Juni: kuchagua

Katriji za koili inayotembea (koili ndiyo inayotikisika na sindano, sumaku imetulia), zile ambazo watu husifia kwa ulaini, tumezitoa mwanzoni. Nyingi hutoa millivolti 0.2 hadi 0.6 tu, hivyo zinahitaji ukuzaji wa karibu desibeli 60. Kwa umeme wa mtaani na nyumba ambazo ethi yake ni jina tu, mvumo wote wa nyumba utakuzwa pamoja na muziki. Tena sindano yake huwezi kuibadili mwenyewe. Ikivunjika, katriji nzima inasafiri nje ya nchi kwa fundi.

Zikabaki za sumaku inayotembea (hapa koili ndiyo imetulia), zinazoridhika na desibeli 40 na mzigo wa kiloomu 47, yaani pembejeo ya fono ya kawaida, pale umeme wa katriji unapoingia ili ukuzwe. Za kupima zilikuwa mbili: Ortofon 2M Red na mfululizo wa Audio-Technica AT-VM95.

Kipimo cha kwanza ni mtetemo wa mkono na katriji kwa pamoja. Fomula ni 159 kugawa kwa kipeuo cha pili cha (uzito × unyumbufu, yaani ulaini wa kijiti cha sindano kinaposukumwa), na jibu linalotakiwa liwe kati ya hezi 8 na 12. Likishuka chini ya hapo, mkono unaitikia kila kombo la santuri. Likipanda juu sana, linakaribia besi. Mkono wa MK2 pamoja na kichwa chake una uzito tendaji (uzito ambao sindano inausikia inaposukuma mkono) wa gramu 12. VM95 ina gramu 6.1, ongeza gramu 0.6 za skrubu, jumla 18.7. Unyumbufu wake umeandikwa 7 kwa hezi 100. Kwa hezi 10 kadiria mara 1.7, kama 12. Jibu: hezi 10.6. Ndani kabisa.

2M Red ina gramu 7.2 na unyumbufu wa 20, jibu hezi 8.0, ukingoni. Si kosa, ila santuri hizi zimelala miaka mingi kwenye masanduku yenye joto na nyingi zimepinda. Hapo nusu hezi ina maana.

Kilichomaliza mjadala ni sindano zenyewe. Mwili mmoja wa VM95 unapokea sindano zote za mfululizo wake, unachomoa na kuchomeka kwa vidole bila kugusa skrubu: C yenye ncha ya mviringo, E ya duaradufu, EN, ML, SH, na SP ambayo ni ya santuri za 78, zile za kale za mizunguko 78 kwa dakika. Tumechukua mwili na sindano mbili, C na E. C inakwenda kwenye santuri zilizochakaa sana, E kwenye zilizo safi.

Wengi watauliza kwa nini si ML, ambayo inagusa ukuta wa mfereji kwa mstari mrefu na inaweza kusoma sehemu ambayo sindano za zamani hazikuifikia. Kweli inaweza. Lakini inasoma pia uchafu wote uliokaa chini kabisa, na santuri hizi bado hazijaoshwa. Pesa ya ML kwa sasa ni ya kuosha.

21 Juni: kufunga

Mzigo umefika kwa basi, salama. Utaratibu uliofanya kazi:

Funga mkono kwenye kishikio chake, chomoa kichwa, fanyia kazi mezani kwenye kitambaa cheupe. Kifuniko cha sindano kisitoke mpaka mwisho. Nyaya nne zinafuata rangi: nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Shika kikonyo cha chuma kwa kibano, usishike waya. Kikonyo kikiwa kipana, kibane kwa plaizi ndogo huku kijiti cha meno kikiwa ndani ili kisibanike kabisa. Na usilehemu kamwe juu ya pini za katriji, joto linapanda moja kwa moja hadi kwenye koili na kuikata.

Mwili wa VM95 una matundu yenye nyuzi tayari, hivyo nati hazihitajiki. Skrubu ni za M2.5. Kaza mpaka katriji isitembee, kisha acha.

Kuhusu nafasi ya sindano: Technics wanataka milimita 52 kutoka kwenye pete ya mpira ya kichwa hadi ncha ya sindano. Kuna wanaodharau kipimo hiki na kuchapisha karatasi za kupangia sindano za Baerwald, zenye pointi za sifuri (mahali sindano inapolingana kabisa na mfereji) milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati ya santuri. Kwa santuri kubwa hoja yao inaeleweka. Lakini kipimo cha kiwandani kinaweka sifuri karibu na milimita 58.8 na 113.5, na mifereji ya santuri ya inchi 7 iko takriban kati ya milimita 54 na 84. Sifuri ya ndani inaangukia kule wimbo unakoishia, ambako kwa kawaida ndiko sauti huharibika. Tumebaki na 52. Anayetaka karatasi akaichapishe kwenye duka la steshenari, lakini apime kwa rula kwanza: mashine nyingi hupunguza ukurasa ili utoshee, na milimita 100 zinatoka 96.

Uzito wa sindano, yaani nguvu inayobonyezea santuri, ndio uliotuchelewesha siku nzima. VM95C na E zinataka gramu 2.0, ruhusa ni 1.8 hadi 2.2. Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 haina shida kupatikana hapa, wanunuzi wa dhahabu upande wa Nzega wanaitumia kila siku. Tatizo: gurudumu la mkono likiwa kwenye 2.0, mizani ilisoma 2.31. Kila ukipunguza, namba inarukaruka. Sababu ni sahani ya mizani. Ni ya chuma, na sumaku ya katriji inavutwa nayo kabla hata ncha haijagusa. Pia sahani iko juu ya usawa wa santuri, hivyo mkono unapimwa ukiwa umeinuka.

Dawa yake ni kipande cha alumini kilichokatwa kwenye kopo la soda, kilichokunjwa kama ngazi: upande mmoja unakaa kwenye sahani, mwingine unaning'inia nje na kushuka hadi usawa wa santuri. Alumini haivutwi na sumaku. Weka kipande, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha shusha sindano juu yake. Namba zikawa 1.98, 2.01, 2.00. Mizani yenyewe ilihakikiwa kwa maji: bomba la sindano la duka la dawa (hili sasa ni sindano nyingine), mililita 2 kwenye kifuniko cha plastiki, ikasoma 2.03. Inatosha kwa kazi hii.

Msijidanganye kwamba uzito mdogo unalinda santuri. Sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta. Gramu 2.0 zilizotulia zinaharibu kidogo kuliko 1.4 zinazocheza.

Wima umeangaliwa kwa kioo kidogo cha mfukoni chini ya ncha: katriji na kivuli chake vikivunjika mstari, legeza na unyooshe. Kidhibiti cha mvuto wa ndani, kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri, kimewekwa 2, sawa na uzito.

28 Juni: herufi "s" inakata

Besi nzuri, gitaa liko wazi, lakini kila mwimbaji anapotamka "s" inatoka kama msumeno. Fikra ya kwanza ya kila mtu ni sindano mbovu. C na E zote zilifanya vilevile, kwa hiyo si sindano.

Koili ya VM95 ina indaktansi (tabia ya koili kupinga mabadiliko ya mkondo) ya milihenri 550. Ikikutana na kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya waya na ya pembejeo, inatengeneza kilima cha sauti, yaani sauti za masafa fulani zinapanda kuliko nyingine. Kadiri kapasitansi inavyoongezeka, kilima kinashuka na kuingia katikati ya muziki. Audio-Technica wanataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200. Tumepima kwa multimita yenye kipimo cha kapasitansi, kichwa kikiwa kimechomolewa na waya ukiwa haujachomekwa kwenye amplifaya: 190. Waya huu haukuwa wa kiwandani, kuna fundi aliwahi kuweka wa mita mbili na nusu. Ndani ya kisanduku cha fono, kinachokuza umeme wa katriji, kuna kapasita ya kauri kila chaneli imeandikwa 221, maana yake 220. Jumla 410, na kilima kinaangukia karibu na kilohezi 10.6. Ndipo "s" inapokaa.

Marekebisho ni mawili. Waya mpya wa sentimita 80 umetengenezwa kwa kebo ya RG-59, ile ya kamera za ulinzi, yenye takriban pikofaradi 67 kwa mita. Msinunue ya dishi: wavu wake mara nyingi ni wa alumini na risasi ya kulehemu haishiki, inajikunja kuwa shanga na kudondoka. Hata RG-59 nyingine zina wavu wa alumini, kwa hiyo mwombe muuzaji amenye ncha, na mkwangue uzi mmoja kwa wembe muone kama ndani ni shaba. Waya wa MK2 umelehemiwa ndani, chini ya mkono. Chomoa umeme, toa sinia, funga mkono, geuza mashine na ufungue kitako.

La pili, kapasita za 221 zimetolewa na kuwekwa za 101, yaani 100. Kuziondoa kabisa kunavutia, lakini ndizo zinazozuia redio kuingia. Jumla mpya: waya na mkono 82, kisanduku 100, pamoja 182. Kilima kimepanda hadi kilohezi 15.9. "S" imerudi kuwa "s".

5 Julai: mvumo, vumbi, umeme tuli

Baada ya waya mpya ukatokea mvumo wa hezi 50. Jaribio la haraka: gusa chuma cha mkono kwa kidole. Mvumo ukipungua, ethi ya mkono imekatika. Ulipungua. Waya mwembamba wa ethi haukushika vizuri wakati wa kulehemu. Umerudiwa, kimya.

Kiangazi cha Tabora kina mawili: vumbi jekundu na hewa kavu. Santuri ikitolewa kwenye jalada inavuta vumbi kama sega lililopita kwenye nywele. Tunaosha kwa nusu lita ya maji ya betri yaliyochujwa kwa mvuke na matone mawili ya sabuni ya vyombo, kisha suuza kwa maji yaleyale bila sabuni. Soma chupa vizuri, kwenye rafu hiyohiyo huuzwa asidi ya betri. Sindano inapigwa brashi kutoka nyuma kwenda mbele tu. Ukienda kinyume unavunja kijiti.

Kwa kuwa santuri ni za mono, swichi ya mono ya amplifaya imewashwa. Mikwaruzo imepungua kwa kiasi cha kusikika bila kutega sikio, maana kelele nyingi za kwenda juu na chini zinafutana chaneli zikiunganishwa. Wengine huunganisha nyaya kwenye katriji yenyewe. Hapana, unabadili mzigo wa koili uliokwisha kuhangaikia wiki nzima.

12 Julai: yaliyobaki

Kuna santuri tisa za 78. MK2 haina spidi hiyo. Mpango ni sindano ya SP, gramu 5, kurekodi kwa 45 kwenye kompyuta na kuharakisha mara 1.733 kwa programu ya Audacity, kisha kurekebisha besi na sauti za juu, kwa sababu mkunjo wa RIAA (marekebisho ya besi na sauti za juu yanayofanywa na kisanduku cha fono) unahama spidi ikihama. Hizo zisisafishwe kwa spiriti, inayeyusha shelaki, utomvu ambao zimetengenezwa nao.

Maisha ya sindano kwa hesabu ya Audio-Technica ni saa 500 kwa C na 300 kwa E. Upande mmoja wa santuri hizi ni dakika tatu na nusu hivi, kwa hiyo E ina takriban pande 5,100. Daftari liko kando ya mashine, safu mbili, mstari mmoja kwa kila upande unaopigwa. Leo: C 61, E 38.