Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa simu, Mombasa, Mei 2020

Saa kumi usiku. Daku ni wali wa jana na chai ya rangi. Leo Jumanne, Mei 12. Mji wa Kale umefungwa kwa ajili ya korona tangu Jumatano iliyopita, haingii mtu wala hatoki, na wagonjwa wangu wengi wa kisukari wako humo ndani.

Saa kumi na moja na nusu. Kafyu imeisha, tunatoka. Matatu ya watu 14 inabeba wanane, nauli imepanda. Kisha feri.

Saa mbili asubuhi. Benchi la nje, ambalo mwezi wa pili lingekuwa limejaa saa hizi, lina alama za utepe tu. Mezani nina simu mbili na daftari la wagonjwa 26 wa sukari na presha. Nauliza kipimo cha asubuhi, dawa zimebaki ngapi, miguu ikoje. Mwenye tatizo nampa daktari. Mwisho wa fomu kuna swali: umeridhika na huduma kwa kiasi gani, moja hadi tano?

Wote husema tano.

Tano ya mzee wa Ukunda, kule Kwale, naiamini. Zamani alikuwa akiondoka kwake alfajiri, magari mawili na feri, aje aonwe dakika kumi huku mlangoni watu wamejazana wanamsikia. Sasa Kwale na Mombasa hakuna kupita. Karatasi ya dawa tunampigia picha, tunamtumia kwa WhatsApp, ananunua duka la dawa la hukohuko. "Leo nimesema na daktari mpaka nikamaliza," aliniambia.

Saa nne. Dada wa Kisauni ananijibu kwa sauti ya chini mno. Nikamuuliza kama yuko peke yake. La. Chumba ni kimoja, na mumewe hajui kwamba ana presha. Nikamwambia nitauliza mimi, yeye ajibu ndiyo au la. Tukaenda hivyo hadi mwisho. Naye akatoa tano, na hiyo sijui niiweke wapi: faragha aliyoipata mzee wa Ukunda kwa simu ndiyo aliyoikosa yeye kwa simu hiyohiyo.

Saa tano na nusu. Bi mkubwa wa Kibokoni, humo Mji wa Kale, miaka 71.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umenikumbuka!"

Sukari 15.8, na amefunga. Nikamwambia ikipita 16.6, au ikishuka chini ya 3.9, afungue papo hapo, hata ikiwa magharibi imebaki nusu saa. Akauliza kama kujidunga kidole kupima kunabatilisha saumu. Hakubatilishi, nikamwambia, pima bila wasiwasi. Kaimati jana ngapi?

"Mbili tu."

"Sita, bibi!" Mjukuu wake huyo, nyuma. Tukacheka sote.

Kuridhika? "Tano, mwanangu. Ingekuwa sita ningekupa."

Nilikuwa karibu kukata. Lakini wiki hizi nimejifunza kuuliza swali langu ambalo halimo kwenye fomu: "Bibi, ungekuwa umeketi hapa mbele yangu, ungenionyesha nini?"

Akanyamaza. Kisha, "Ningekuonyesha mguu."

Mjukuu akawasha video. Nikaona chandarua, nikaona sakafu, halafu ukungu mtupu. Nikamwambia amsogeze bibi dirishani kwenye mwanga, aweke sarafu ya shilingi kumi kando ya kidonda. Kiko chini ya kidole gumba, nusu ya sarafu, ukingo umeanza kuwa mweusi. "Kinanuka?" Akainama. "Kidogo." "Gusa mguu huu kwa mgongo wa mkono, kisha ule. Upi una moto?" "Huu." Mtoto wa miaka 12, na wakati ule ndiye aliyekuwa mikono yangu na pua yangu.

Daktari hakukawia: aletwe leo. Akaandika barua, tukaipiga picha, tukaituma ili waionyeshe kwenye kizuizi.

Saa saba. Baada ya swala nilikaa na zile tano zangu. Bibi hakunidanganya. Mtu wa kwetu akipigiwa simu kujuliwa hali, hawezi kumwambia aliyempigia kwamba hakuridhika. Ni utovu wa adabu. Tano ile ni shukrani ya kukumbukwa wakati wa kufungiwa, na ina thamani kubwa. Ila haisemi lolote kuhusu mguu. Wanaokusanya fomu hizi waone kwamba huduma inapendwa, sawa, lakini nawaomba wasiishie hapo. Nimeandika swali langu kwa kalamu chini ya kila fomu iliyobaki.

Saa tisa. Tuktuk imefika. Nikamsafisha kidonda, barakoa usoni, glavu mkononi. Daktari akampa antibayotiki na kumtaka arudi kesho kutwa.

"Ile tano," akaniambia nikimfunga bandeji, "nilikupa wewe. Simu sikuipa kitu."

Saa kumi na mbili na robo. Nimewahi nyumbani kabla ya kafyu. Azana, tende, maji. Simu ikalia, ni yule mjukuu.

"Bibi anauliza, kesho utapiga saa ngapi?"

"Saa mbili. Nawe ukae naye karibu na dirisha."