Foili chini ya kiti cha nyuma

Ile sauti ya WhatsApp imerudi tena. Mwanaume mwenye maneno ya upole, anayejitambulisha kama mtaalamu wa tiba mbadala, anawaonya wenye magari ya haibridi, yale yanayotumia petroli pamoja na betri kubwa ya umeme, kwamba wanakalia mionzi. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, anasema, watoto wanakaa juu yake, na mwisho wake ni saratani ya damu, mimba kuharibika na wanaume kuishiwa nguvu. Nimetumiwa na wateja, nimetumiwa na shemeji yangu, na juzi imetua kwenye kundi la wazazi wa shule ya mwanangu. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Sinza, na hizo betri ndizo ninazozifungua, kuzisafisha na kuzirudisha. Anachosema huyu bwana sikiamini. Na ningekaa kimya kama hofu aliyoipanda isingekuwa inaleta madhara ninayoyaona kwa macho yangu gereji.

Nina mteja, hapa nimwite Mama Junior. Aliniletea Toyota Aqua yake, ambayo ni haibridi, akilalamika kwamba gari limekuwa zito, feni ya nyuma inavuma muda wote, na taa ya tahadhari ya mfumo wa haibridi inawaka kila akikaa kwenye foleni ya Mwenge mchana. Nikachomeka mashine: joto la betri liko juu kupita kawaida. Nikatoa kiti cha nyuma. Chini yake nikakuta foili, ile ya jikoni ya kufungia kuku wa kuoka, imekunjwa tabaka kwa tabaka na kubandikwa kwa selotepu juu ya kifuniko chote cha betri. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye kingo za selotepu mpaka likawa jeusi. Foili ile ilishuka hadi kwenye matundu ya kuvutia hewa, ikayaziba karibu yote. Na betri ya Aqua haina kingine cha kuipoza zaidi ya hewa hiyo hiyo ya ndani ya gari inayovutwa na feni. Ukiziba matundu, unaipika.

Nikamuuliza, "Mama, nani amekuwekea hii?"

"Nimeweka mwenyewe, fundi. Ya kuzuia mionzi. Na Junior siku hizi namkalisha mbele, nyuma simwachi tena."

Betri iliyochemka ninaweza kuihudumia, na ikishindikana inanunuliwa nyingine. Lakini Junior ana miaka mitano. Kiti cha mbele kina eabegi iliyotengenezwa kwa ajili ya mwili wa mtu mzima, inafumuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na mtoto mdogo aliye mbele yake anaweza kuumia vibaya au kufa hata kwenye ajali ambayo watu wazima wangetoka na michubuko. Mahali salama pa mtoto ni nyuma, kwenye kiti chake, amefungwa mkanda. Mama huyu anampenda mwanawe kuliko chochote, na kwa mapenzi hayo hayo akamtoa mahali salama akampeleka pa hatari, kwa sababu ya sauti ya mtu asiyemjua. Hilo ndilo linaloniuma.

Nilipomwambia kwamba foili haina inachozuia, hakunikubalia hivi hivi, na alikuwa na haki. Akatoa simu. Alishapakua programu ya kupima mionzi, akaiweka juu ya kiti cha nyuma, namba ikapanda na duara likageuka jekundu. Nikamwomba tuzunguke nayo. Tulianza na Aqua ikiwa imezimwa kabisa: namba bado iko juu. Tukaenda kwenye Probox ya petroli ya jirani, ambayo haina hata harufu ya haibridi. Karibu na spika ya mlango namba ikaruka kuliko ilivyoruka kwenye Aqua. Mwisho tukasimama chini ya mwarobaini, hakuna gari, hakuna waya, na simu bado inasoma thelathini na kitu.

Hiyo thelathini na kitu ni dunia yenyewe. Ndani ya simu kuna kihisi cha sumaku kilichowekwa kwa ajili ya dira, na kazi yake ni kupima uga wa sumaku wa dunia, yaani nguvu ya sumaku iliyotuzunguka, ambao kutegemea mahali ulipo ni kati ya 25 na 65 kwa kipimo cha mikrotesla. Ukikisogeza karibu na chuma cha kiti, bodi ya gari au sumaku ya spika, kinasoma vitu hivyo. Aliyetengeneza programu akachukua namba hiyo, akaipaka rangi nyekundu na kuiita mionzi.

Sasa niseme kilichomo kweli kwenye gari, maana si kweli kwamba hamna kitu. Betri ya Aqua ya kizazi cha kwanza ina moduli 20 za nikeli, volti 144 kwa jumla, na inatoa umeme wa mkondo mnyoofu, sawa na betri yoyote unayoijua. Mkondo wa namna hiyo unajenga uga uliotulia, wa aina ile ile ya dunia, ingawa unapanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta au breki. Nyaya mbili nene za rangi ya chungwa, moja ya kwenda na moja ya kurudi, zinapita chini ya sakafu zikiwa zimelazwa pamoja mpaka mbele. Zikilazwa hivyo, uga wa moja unafuta sehemu kubwa ya uga wa mwenzake. Umeme wa kubadilika-badilika unazaliwa mbele, chini ya boneti, pale inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri uweze kutumiwa na mota, inapoupandisha hadi zaidi ya volti 500 na kuupeleka kwenye mota. Na uga wa sumaku unakufa haraka kwa umbali. Ukipima kwenye kapeti karibu na waya unaweza kupata kitu, ila ukifika usawa wa kichwa cha abiria kimebaki kidogo sana.

Tena hii si mionzi ya eksirei wala ya madini ya urani. Ile ina nguvu ya kung'oa elektroni na kuharibu vinasaba ndani ya seli, ndiyo maana chumba cha eksirei kina mlango mzito. Uga wa masafa ya chini, yaani unaobadilika mara chache kwa sekunde ukilinganisha na mawimbi ya redio, kama huo unaotoka kwenye mota ya gari, hauna nguvu hiyo hata kidogo.

Watu wamekwenda kupima kwa vifaa vya kweli. Mwaka 2014 shirika la utafiti la SINTEF la Norway lilitoa matokeo ya mradi uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya. Walipima magari saba ya umeme, moja la haidrojeni, mawili ya petroli na moja la dizeli. Sehemu iliyosoma juu kabisa ilikuwa sakafuni, karibu na betri, hasa gari linapowashwa, na hata hapo haikufika asilimia 20 ya kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa kwa raia wa kawaida. Usawa wa kichwa ilikuwa chini ya asilimia 2. Na yale ya petroli na dizeli, ambayo hakuna anayeyaogopa, yalisoma karibu asilimia 10.

Wengi wanashangaa petroli ipate wapi uga wa sumaku. Kuna alteneta, kuna feni, kuna pampu ya mafuta, halafu kuna tairi. Ndani ya tairi za kisasa mna mikanda ya nyuzi za chuma, na chuma hicho kina usumaku wake. Tairi ikizunguka, usumaku unazunguka nayo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi ya gari dogo inazunguka karibu mara 12 kwa sekunde, na uga wake unaweza kupita mikrotesla 2 kwenye viti vilivyo karibu na gurudumu. Jambo hili lilichapishwa tangu 1999. Kwa hiyo aliyepanda daladala toka Mbagala naye amesafiri ndani ya uga wa sumaku, na hajawahi kutumiwa sauti ya kumtisha.

Hofu yenyewe haikuzaliwa Dar. Mwaka 2008 gazeti la The New York Times liliandika habari za wenye haibridi huko Marekani waliojipimia kwa vimita vya mkononi wakaogopa, na kichwa cha habari kilisema wazi kwamba hofu ipo ila ushahidi ni mchache. Mzizi ni wa zamani zaidi. Mwaka 1979 watafiti wawili huko Denver walichapisha utafiti uliohusisha saratani za watoto na nyumba zilizo karibu na nyaya kubwa za umeme. Tafiti nyingi zilifuata, na mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani la WHO, Shirika la Afya Duniani, likaiweka nguvu ya sumaku ya masafa ya chini kwenye kundi 2B, yaani inawezekana inasababisha saratani. Bwana wa WhatsApp analitaja kundi hili kwa mbwembwe, kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kutolewa.

Silipuuzi. Uhusiano ulioonekana ni wa saratani ya damu kwa watoto, kwenye nyumba chache ambazo wastani wa uga wa sumaku unapita mikrotesla 0.3 au 0.4, usiku na mchana. Wanyama wa maabara hawakuonyesha matokeo ya kuuthibitisha, na haijaelezwa kwa njia gani uga mdogo hivyo ungeweza kuleta saratani. Ndiyo maana ukabaki kwenye kundi la "inawezekana", ambamo pia limo dondoo la jani zima la aloe vera. Kwenye gari unaweza kupita 0.4 kwa muda, ndiyo, lakini kwenye gari lolote, na tairi peke yake zinatosha. Hakuna mtoto anayelala garini saa 24.

Shirika hilo hilo, mwaka 2012, liliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la kwanza. Hilo ni kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, pamoja na tumbaku. Mwaka uliofuata likaongeza uchafuzi wa hewa ya nje. Haya hayatumwi kwenye makundi ya wazazi. Simama Ubungo saa kumi na mbili jioni nyuma ya lori linalopanda, vioo viko wazi, mtoto yuko dirishani. Kama tunatafuta cha kuhofia kwenye foleni, kiko pale, cheusi, kinaonekana na kinanuka. Na haibridi kwenye foleni injini yake inazima.

Sauti ile haiishii kwenye onyo. Mwishoni kuna namba ya kuagiza stika ya kubandika kwenye dashibodi na kidani cha kuvaa shingoni, eti vinanyonya mionzi. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi, ANVS, ilipima bidhaa za jamii hiyo, vidani, bangili na barakoa ya kulalia zilizouzwa kwa madai ya kumkinga mtu na mawimbi ya simu, ikakuta kumi zina madini yanayotoa mionzi ya kweli, ile inayoharibu seli. Ikawataka watu waache kuzivaa mara moja. Kilichouzwa kama kinga ndicho kilichokuwa na madhara. Nchini kwetu tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki, kazi yake ndiyo hii. Mtu mwenye shaka aulize huko kabla hajamvalisha mwanawe kidani cha mtandaoni.

Swali moja nalipokea kwa heshima zote, la wazee wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani. Hilo limepimwa Munich, Ujerumani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: wagonjwa 108 wenye vifaa hivyo, magari manne ya umeme, wakiwa wamekaa ndani na wakati wa kuchaji, na hakuna kifaa hata kimoja kilichovurugika. Mzee wangu mmoja alipouliza nilimwambia apande Aqua bila wasiwasi, amsikilize daktari wake, na asiinamie injini yoyote inayonguruma, ya haibridi au ya Corolla yake ya zamani.

Cha kuogopa kwenye haibridi kipo. Ni hizo nyaya za chungwa. Volti 144 zinaua, 500 zinaua haraka zaidi, na nimeona mafundi wakifungua inveta kwa mikono mitupu. Plagi ya usalama itolewe kwanza, ikae mfukoni mwa fundi mwenyewe, zipite dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme ndani ya inveta, uishe, na mikono iwe ndani ya glavu za mpira zilizotengenezwa kwa volti hizo. Kwa mwenye gari, foili ni karatasi ya chuma. Haizuii uga wa sumaku wa masafa ya chini, lakini ikipenya penye umeme inaweza kupiga shoti. Kama uliibandika, zima gari, ita fundi anayeijua haibridi aitoe, na usifungue kifuniko cha betri mwenyewe. Matundu ya hewa yaachwe wazi, bila mabegi wala mito ya kuegemea, na vumbi lipulizwe kila gari linapofanyiwa sevisi. Mtoto akae nyuma.