Kumtoa dume hakutoshi: nilivyozuia bata mzinga wangu kuzaliana

Nina bata mzinga watatu: dume mmoja, Kishindo, na majike wawili, Pamba na Shanga. Nawafuga kwa kuwapenda tu, siwachinji wala siwauzi. Kila kifaranga anayeanguliwa kwangu ni mdomo wa kulishwa kwa miaka, na banda langu linawatosha hao watatu basi. Nimeshamaliza misimu miwili mfululizo bila kifaranga hata mmoja. Ningeyafikia haya mapema zaidi kama nisingesikiliza ule ushauri ambao kila mtu anautoa kwa kujiamini.

Mwanzoni kabisa sikuzuia chochote. Shanga akatoweka. Nikajua kaliwa, na nikamlilia. Wiki nne baadaye alitokea vichakani asubuhi, amekonda, mbawa zimeshuka, nyuma yake vifaranga 11. Walipokua, madume sita walianza kupigana mpaka vichwa vinatoka damu. Kuwatafutia watu ambao nina hakika hawatawachinja kulinichukua karibu mwaka mzima, na kila niliyemkabidhi mtu niliumia.

Ndipo nikaambiwa: "Mtenge dume, habari imekwisha." Nikajenga uzio wa wavu, nikamhamishia Kishindo upande wa pili. Majike walikuwa wameshaanza kutaga, lakini sikujali, maana dume hayupo. Nikawaacha waatamie. Siku ya 28 nikasikia sauti nyembamba chini ya Pamba. Vifaranga wanane!

Walionishauri wakasema nimeacha tundu. Nilipapasa wavu ule wote kwa mikono yangu na hapakuwa na pa kupitisha hata ngumi. Ni kweli kila jioni Pamba alikwenda kujilaza ubavuni mwa uzio, kifua chini, mbawa amezilegeza, akisubiri. Kishindo upande wa pili ametandaza mkia kama upepeo, kile kinyama cha juu ya mdomo kimerefuka mpaka kinapita kidevu, mashavu bluu, shingo nyekundu kama pilipili, anazunguka pale pale akiburuza ncha za mbawa ardhini. Lakini wavu ulikuwa kati yao, na wavu haupitiki.

Daktari wa mifugo ndiye aliyenifumbulia. Jike wa bata mzinga huhifadhi mbegu za dume mwilini mwake, ndani ya vijifereji vidogo sana vilivyo kwenye njia ya uzazi. Akishapandwa, anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki nyingi bila kumwona dume tena. Kwa hiyo kumtenga dume msimu umeshaanza ni kufunga zizi ng'ombe ameshatoka. Nilimuuliza pia habari ya kumhasi Kishindo, maana hilo nalo nilishauriwa. Akakataa: kokwa za ndege ziko ndani ya mwili, jirani na figo, na kumpasua dume mzima mwenye afya kwa sababu hiyo ni kuuchezea uhai wake. Nilishukuru sana kwamba nilimuuliza yeye kwanza.

Nikaelewa kwamba kazi yangu haiko kwa dume, iko kwenye mayai. Yai likitagwa, kilicho ndani hakiendelei kukua mpaka lipate joto la kuatamiwa. Ukilichukua siku ileile, hujaua kifaranga. Ukichelewa mpaka limeatamiwa siku saba au nane, ukimulika kwa tochi gizani utaona nyuzi za damu zimetambaa kama miguu ya buibui, na mimi nikishaziona hizo siwezi kulitupa yai. Kwa hiyo nachukua kila siku, hata mvua inyeshe.

Shida ni kuyaona. Jike wa bata mzinga ni msiri kupita kiasi. Ukimfuata anasimama, anadonoa majani kana kwamba hana safari, anakuzungusha nusu saa nzima. Nilijificha nyuma ya mti, nikalala kifudifudi kwenye nyasi, nikamtuma mtoto. Zote hazikufaa. Mwisho nikagundua hili, na najivunia: nilimfungia Shanga bandani toka asubuhi. Kufikia alasiri alikuwa anahangaika mlangoni, anakwenda na kurudi, yai limembana. Nikafungua. Hakunitazama hata mara moja. Alitoka mbio shingo mbele, moja kwa moja chini ya rundo la matawi nililokuwa nalipita kila siku, akaketi. Mayai tisa yalikuwa pale, rangi ya maziwa yenye madoa ya kahawia. Dakika tatu hazikufika.

Usiyachukue yote ukaacha kiota kitupu. Atahama, na utaanza kumsaka upya. Kwanza nilichemsha mayai machache nikayarudisha. Wiki ya tatu moja likapasuka chini yake, na harufu ile ilikaa kwenye manyoya yake siku nne. Tangu hapo natumia ya mbao. Fundi seremala alinichongea kumi, na gharama yake haikufika ya mfuko mmoja wa chakula chao. Sikuyapaka hata madoa. Pamba aliyageuza moja moja kwa upande wa mdomo, akayasukuma chini ya kifua, akafumba macho.

Lakini naye usimwache ayaatamie bila mwisho. Ya mbao hayaanguliwi, kwa hiyo anaweza kupitiliza siku 28 huku akila kidogo mno, akabaki mifupa. Mimi namwacha siku chache, kisha namhamishia kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, kimeinuliwa, hewa inapita chini ya tumbo, mwanga wa kutosha, maji na chakula tele. Siku tatu au nne hamu inamtoka.

Halafu kulikuwa na taa yangu ya nje. Ilimulika banda usiku kucha, nami sikujua kwamba siku ndefu ya mwanga, saa 14 na kuendelea, ndiyo inayowaamsha kutaga. Niliihamisha. Hawakuacha kutaga, ila msimu ulichelewa kuanza na mayai yakapungua.

Kishindo bado namtenga msimu ukikaribia, mapema, kabla ya yai la kwanza. Sehemu kubwa ya sababu ni migongo ya majike, maana kucha zake zilikuwa zinawachana. Hata hivyo mayai nayachukua vilevile. Miaka ya 1950 watafiti wa Beltsville, Marekani, waliona mayai ya bata mzinga wasiopandwa kabisa yakianza kukua yenyewe, na machache yakaanguliwa, yote madume. Ni nadra sana, lakini nimeshaishi na madume sita wanaogombana.

Jana Shanga ametaga la kwanza la msimu huu. Nimelitoa likiwa bado na joto, nikaweka la mbao mahali pake.