Nimemlea mtoto aliyetoka kwa bibi, hivi ndivyo tulivyokwenda

Kwetu mtoto akifanya jeuri kidogo tu watu washasema "huyo kalelewa na bibi", na neno hilo linaniuma kwa sababu nimeishi na mtoto wa namna hiyo na mambo hayako hivyo.

Dada yangu alikwenda kufanya kazi Maskati, mwanawe akamwacha Wete, Pemba, kwa mama yetu. Alipofika fomu wani akaja kwangu Mwanakwerekwe, huku Unguja. Adabu bibi yake kamfunza sawasawa, kila mtu mzima shikamoo, alfajiri kashaamka, chuoni kwenye Kurani hasukumwi. Lakini nikimkataza kitu hajibu, anaingia chumbani anampigia bibi, bibi anasema muacheni mjukuu wangu mnamuonea, mara mama yake naye huko Oman kasikia mtoto analia basi anatuma simu mpya. Yaani watu wazima watatu kila mtu na amri yake, mtoto anachukua inayompendeza, na mtoto yeyote angefanya vivyo hivyo.

Nikapanda boti nikaenda kukaa na mama, mambo haya hayazungumziki kwenye simu. Sikumwambia unamdekeza, nilimuuliza yeye alikuwa akimtulizaje. Akanambia huyu ukimfokea umempoteza, mpe kazi kwanza ndio useme naye, msimu wa karafuu walikuwa wanakaa jamvini wanachambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vikonyo vyake, na hapo ndipo alipokuwa akitoa yote ya moyoni. Basi tukakubaliana, akipiga simu kushitaki bibi amwambie "rudi kwa mama mdogo mkazungumze", na dada asitume kitu bila kuniuliza. Dada ilimuwia vigumu mno, mtu yuko mbali na mwanawe anachoweza ni kutuma tu, sikumlaumu.

Nyumbani nikawa napika naye jioni, yeye anakuna nazi mimi nakaanga samaki, na kweli maneno yakaanza kutoka. Kumbe skuli wanamcheka kwa Kipemba chake ndio maana akitoka huko hataki kuonana na mtu! Hilo hata bibi alikuwa halijui. Nikenda kuzungumza na mwalimu wake.

Karafuu zikiwa tayari na skuli imefungwa namrejesha Wete akamsaidie bibi kuanika, na safari hiyo simnyimi hata akiwa na kosa, kule ni kwao.

Kilichobaki sasa ni yeye na mama yake, maana bibi ndiye anayemwita mama. Dada kapata likizo, nimemwambia ashukie Pemba kwanza wakae wote watatu, maduka baadae.