Siku Kukhu Alipong'oa Muhogo

Jumamosi iliyopita, sokoni Kibuye, Kisumu, mama mmoja aliuvunja muhogo mbele yangu kabla sijauliza hata bei. Akanigeuzia upande wa ndani nione weupe wake. "Huu umetoka Busia, customer, lakini uko sawa." Nikalipa huku nacheka peke yangu, naye akadhani nimefurahia bei.

Alinikumbusha Kukhu, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Busia. Haya ninayoyasimulia ni ya mwaka mmoja hivi kabla ya korona, enzi za kile kibarua changu cha kupiga picha majani.

Kibarua chenyewe sitakieleza sana. Tulikuwa vijana tuliomaliza chuo tukakosa kazi, mradi fulani ukatupa simu na hela ya mafuta ya pikipiki, tukawa tunazunguka mashamba ya kati ya Matayos na Nambale, hapo Busia. Unapiga picha jani la muhogo, kisha unabonyeza jina: batobato au michirizi ya kahawia (yote magonjwa ya virusi), utitiri, au mzima. Ukishindwa kuamua, kulikuwa na kitufe cha kuruka. Picha zote zilikwenda kuifundisha kompyuta. Hakuna anayeielezea kompyuta batobato ni nini. Inaonyeshwa picha maelfu, kila moja na jina lake, inakisia, inaambiwa imekosea, inajirekebisha hesabu zake za ndani, inakisia tena, hadi makosa yapungue. Kwa hiyo aliyeibandika picha jina ndiye mwalimu, na mwalimu alikuwa mimi, niliyesomea biashara.

Bosi wetu alikuwa kijana wa Siaya, msomi wa kilimo, mpole, anayependa takwimu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State kule Marekani, wakishirikiana na wenzao wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, walikuwa wamechapisha utafiti wao. Walichukua picha 2,756 za majani ya mihogo kutoka Tanzania, wakaifundisha kompyuta magonjwa matatu na wadudu wa aina mbili, na kwa picha ambazo haikuwahi kuziona ikapatia asilimia 93. Hiyo 93 bosi aliitaja kila asubuhi kabla ya chai. Yetu ilikuwa programu nyingine, lakini alitarajia nayo ifike huko.

Siku hiyo tukaingia kwa Kukhu. Ni mimi niliyewapeleka, maana nilijua hatukosi chai na viazi vitamu.

Alikuwa chini ya mwembe anapukuchua maharagwe. Bosi akamwamkia vizuri, akaomba ruhusa, akaenda kwenye mstari wa kwanza wa mihogo na kuishika simu juu ya jani. Mihogo ilikuwa imefika kifuani, majani mapana, kijani kilichokolea, hayakuwa na mikunjo wala mabaka. Simu ikasoma: hakuna ugonjwa. Akajaribu jani jingine, na jingine. Hakuna ugonjwa.

"Inasemaje?" Kukhu akauliza akiwa pale pale alipokaa.

"Inasema mihogo yako ni mizima, mama."

Kukhu hakumjibu. Aliweka ungo kando, akajifunga leso vizuri kiunoni, akaja hadi kwenye ule mmea wa kwanza, ule ule ulioshikiwa simu. Akalishika shina kwa mikono miwili karibu na udongo. Hakuvuta. Alilitikisa kwanza, kushoto, kulia, polepole, mpaka ardhi ikapasuka pande zote. Ndipo akaegemea nyuma na uzito wake wote, na muhogo ukatoka na mizizi yake, ukamwaga udongo juu ya viatu vya bosi.

Kwa nje mizizi ilikuwa ya kawaida. Mmoja tu ulikuwa umebanwa katikati, mithili ya mtu aliyekaza mshipi kupita kiasi. Kukhu akauchagua huo, akaulaza juu ya jiwe, akanyoosha mkono bila kunitazama, nami nikampa panga.

Akaanza kuukata kutoka ncha. Kipande cha kwanza cheupe. Cha pili cheupe, maji maji, na kile kiutomvu kinachonata kwenye panga. Bosi akaanza kutabasamu. Kukhu akaendelea, anakata vipande vyembamba bila haraka, ananyanyua kila kimoja kukitazama kwenye mwanga. Kikatokea kimoja chenye doa la kahawia upande mmoja, dogo kuliko punje ya mahindi. Kilichofuata kilikuwa na madoa mengi. Alipofika pale penye mbano, hata sauti ya panga ilibadilika, likawa linakwaruza, maana ndani palikuwa pakavu, kahawia tupu, pagumu. Hapakuwa na harufu yoyote, na hilo ndilo lililonishangaza. Nilizoea kwamba kitu kilichooza hunuka.

Akampa bosi kile kipande. "Haya. Ipigie picha na hii."

Bosi alikizungusha mkononi muda mrefu. "Mama, programu haijafundishwa mizizi. Imefundishwa majani."

"Na mimi sili majani."

(Watu wa Pwani wangembishia hapo, wana kisamvu chao. Kwetu Busia jani la muhogo ni la mbuzi.)

Chai tuliinywa, viazi tukala. Mabishano yalianza njiani. Picha ya lile jani ilikuwa tayari kwenye simu yangu, inasubiri jina. Mwenzangu mmoja alisema tuandike michirizi ya kahawia, kwa sababu mmea umeonekana kwa macho kwamba unaumwa. Bosi akasema hapana, ukiipa kompyuta jani zuri ukaliita gonjwa, itaanza kuona ugonjwa kwenye kila jani zuri la kaunti hii. Basi tuandike mzima? Lakini si mzima, tumeuona umekatwa! Ugonjwa huu ndio tabia yake: batobato hulikunja jani ukaliona toka barabarani, lakini michirizi mara nyingi huanzia majani ya chini kama umanjano hafifu kandokando ya vimishipa, na majani hayo yakishapukutika hubaki ya juu yaliyonona. Mkulima anangoja, kwa kuwa muhogo ni akiba ya ardhini, na akienda kuichukua akiba anakuta kuni.

Bosi ndiye aliyeamua. "Ruka," akasema. Nikabonyeza.

Mwaka 2019 watafiti wale wa asilimia 93 walichapisha sehemu ya pili, na niliisoma kwa makini kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote cha chuo. Walikuwa wameitoa kompyuta yao maabara, wakaitia kwenye simu na kuipeleka shambani Tanzania, kwenye vijani 720 vinavyoumwa. Hata penye dalili zilizokolea alama yake ilishuka asilimia 32, na sababu kubwa ni kwamba ilikuwa inawapita wagonjwa bila kuwaona. Niliheshimu kwamba waliyaandika wenyewe. Lakini nilijiuliza pia ni vijana wangapi kama sisi, katika mashamba mangapi, waliambiwa waruke.

Nisije nikaonekana nampigia Kukhu debe. Yeye naye alijua kwa kuua. Mmea aliouthibitisha ndio huo alioung'oa, na ile mingine iliyobaki kwenye mstari hakuwa na habari nayo zaidi ya simu ya bosi. Alichokuwa nacho ni shaka ya mtu aliyechomwa: miaka ya tisini batobato kali ilitoka Uganda ikafagia mihogo ya kwao, wakaletewa mbegu mpya inayohimili batobato, wakashangilia. Baadaye ikaja michirizi, ambayo zamani ilihesabiwa kuwa ya Pwani na nyanda za chini, na ile mbegu ya ukombozi ikawa haina kinga nayo.

Juni 2021 nikampigia simu kumpa habari. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia ilikuwa imeidhinisha muhogo uliobadilishwa jeni, unaoitwa 4046, kazi ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, na wenzao wa Uganda na wa kituo cha sayansi ya mimea cha Danforth kule Marekani. Baadhi ya majaribio yalifanyiwa Alupe, hapo tu njia ya Malaba. Nilimweleza nilivyoweza: wameingiza ndani ya muhogo kipande cha taarifa za virusi wenyewe, mmea ukawajua mapema, wakiingia unawakatakata kabla hawajazaana.

Kukhu alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza kama una sumu, swali ambalo redio zote zilikuwa zinauliza wakati huo. Aliuliza, "Nikimpa mtu vijiti vyake vya kupanda, nitaulizwa?"

Nikamwambia waliotengeneza wamesema hakutakuwa na ada.

"Sijauliza ada. Nimeuliza kama nitaulizwa."

Kwa Kukhu hakuna mgeni anayeondoka mikono mitupu msimu wa kupanda. Binti zake, wake za wanawe, majirani, kanisa zima, wote wamepanda vijiti vyake. Ukiwauliza wanasayansi, inzi weupe huusogeza ugonjwa kutoka shamba hadi shamba, lakini unaouvusha wilaya nzima ni mkono wa mtu mwenye upendo na fungu la vijiti. Hilo sikumwambia. Ungemwambia wewe?

Krismasi iliyopita alinifungia fungu nimpelekee mama mkwe wangu Ugunja. Alisema amevikata upande ule wa mtoni, uliokuwa safi alipong'oa mara ya mwisho. Nikavifunga kwenye pikipiki na kuvipeleka. Juzi mama mkwe amenitumia picha kwenye WhatsApp, mihogo imefika magotini, na ameandika: tazama majani yalivyo mazuri.