Sinthesaiza usiku wa kusi

Kusi likianza, nasikiza muziki wa sinthesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti, kuliko msimu mwingine wowote. Nazungumzia ule wa giza: hakuna mwimbaji wala ngoma, ni sauti nzito zinazoingia polepole na kukaa. Bahari imechafuka, wageni wa Shela, hapa Lamu, wamepungua, na upepo unagonga madirisha mpaka alfajiri. Nyimbo za furaha wakati huo hunichosha.

Jana usiku nilirudia albamu ya Phaedra ya Tangerine Dream, kundi la Berlin, iliyotoka mwaka 1974. Sinthesaiza za Moog za enzi hizo zikipata joto, sauti huhama. Kwenye kipande chenye jina la albamu unaisikia ikihama, nao wakaiacha vivyo hivyo. Hapo mwili hunisisimka: kitu nilichodhani kimetulia kumbe kinateleza, na siwezi kusema kilianza lini.

Kuna ufundi mwingine nauhusudu zaidi. Chukua sauti mbili zinazokaribiana, moja ya mitetemo 55 kwa sekunde, ya pili 55.5. Sikio husikia moja tu, inayovimba na kunywea kila sekunde mbili. Halafu filta inakata sauti za juu, unabaki uzito mtupu, kama mtu anayezungumza nyuma ya mlango mnene wa mbao. Unajikuta unatega sikio ulipate neno lililozuiwa. Nadhani hofu yote ya muziki huu inazaliwa hapo.

Mama haupendi. "Mwanangu, zima hiyo, magharibi yote hii wawaita majini!" Nazima, kwa heshima yake. Ila mimi huzuni siioni humo. Babu alipofariki nyumba ilijaa watu, visomo, kahawa na maneno mema ya kunifariji. Nilichokikosa ni mahali pa kuogopa bila kuambiwa nisubiri. Sauti hizi zilinipa mahali hapo. Haziniulizi kitu, wala hazinihimizi nipone.

Na uzito wa sauti si mgeni kwetu. Siwa ya shaba ya Lamu, lile baragumu kubwa, ilikuwa ikipulizwa kwenye harusi za wakubwa na shughuli nzito, na mtu akiisikia alijua jambo limefika. Natamani nipate ruhusa nirekodi siwa, hata pumzi moja, niishushe oktava mbili, niilaze chini ya upepo wa kusi. Upepo nitaanza kuurekodi wiki hii darini. Dada yangu kakubali kunishikia maikrofoni.